Waliokuja Kujifunza Kukoroga

Maziwa matamu ya kopo yakianza kushika chini ya sufuria hutoa harufu yake peke yake. Si harufu ya sukari iliyoungua, wala si ya maziwa ya chai yaliyofurika jikoni. Iko katikati, nzito, na mtu aliyeizoea haimpiti hata akiwa ghorofa ya chini. Wiki iliyopita nilikuwa napanda ngazi na mfuko wa mboga mkononi, lifti ya jengo letu imeharibika tena, harufu hiyo ikanijia kutoka nyumba ya binti mmoja wa Kichina ambaye huoka vitu na kuviuza kwa simu. Niliweka mfuko chini, nikashika ukuta. Mzee mmoja jirani alinipita, akaniuliza kwa Kichina kama naumwa. Nikamwambia hapana, napumzika tu.

Sikuwa napumzika. Nilikuwa nimerudi jikoni kwetu, mtaa wa Xiaobei, mtoto wa miaka tisa, na mama amesimama mbele ya jiko na mwiko mkononi.

Shule yangu iliishia njiani, kwa hiyo nitaandika kama ninavyokumbuka, bila mapambo. Mama tumemzika mwaka huu, hapa hapa Guangzhou. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kunyamaza, na naona kunyamaza kumeanza kunidhuru, ndiyo maana nawaambieni ninyi. Nitaanza na lililo zito ili msiseme niliwaficha. Mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa tulimzika mdogo wangu Jamali, na baada yake ilibaki kidogo tumzike mama. Hakuwa mgonjwa. Mama alikuwa hataki tena kuishi.

Tulikaa kwenye jengo refu nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, ghorofa za juu, mahali ambapo ukifungua mlango unakutana na harufu ya jikoni za watu wa nchi sita. Baba, mtu wa Tanga, alikuwa akikusanya mizigo ya wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja, anaipanga kwenye makontena, kisha anaisindikiza mpaka bandari ya Nansha. Kukiwa na meli alitoka alfajiri na kurudi tumeshakula. Mama alikuwa anawatembeza wanunuzi wapya sokoni. Aliongea Kichina cha bei tu, lakini kwenye bei hakuna aliyemshinda. Jamali alikuwa na miaka minne, kichwa kikubwa, miguu myembamba, na mtindo wa kuimba anapokula.

Mlango wa mbele yetu alikaa mwanamke wa Kibrazili aitwaye Selia. Kazi yake ilikuwa kuzunguka viwandani kukagua viatu kabla havijafungwa kwenda kwao. Alikuwa mtu mzima, mnene kiasi, sauti ya kukwaruza ya mvuta sigara, na hakuwa na ndugu hapa. Mama alimwita Bi Selia, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Kiswahili alikiokota kwetu, Kichina alikiokota kiwandani, na palipopunguka alijaza kwa mikono. Tulimwelewa.

Siku ambazo hakwenda kiwandani alipika vitu vitamu vya kwao, vidonge vya chokoleti. Kwao vinaitwa brigadeiro, ila jina hilo halikukaa vinywani mwa akina mama wa kwetu, wakaviita vidonge tu. Ni kitu chepesi kupika kuliko kashata. Unamimina kopo la maziwa matamu mazito kwenye sufuria, unatia kakao na siagi, unaweka moto mdogo, unakoroga. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, kwenye kukoroga. Huachi hata kidogo, kwa sababu ukigeuka kuitazama simu tu chini kumeshashika. Unakoroga mpaka ukiinamisha sufuria uji wote unasogea pamoja na kitako kinaonekana. Unamwaga kwenye sahani iliyopakwa siagi, unasubiri upoe, kisha unapaka siagi viganjani, unafinyanga vidonge na kuviviringisha kwenye chengachenga za rangi. Kwao hakuna sherehe ya mtoto bila hivyo.

Jamali alikuwa na haki yake pale. Bi Selia akimaliza kumwaga, alimpa sufuria na kijiko akombe. Mama alikuwa hapendi.

"Ukikomba sufuria, siku ya harusi yako itanyesha mvua," alimwambia.

"Inyeshe," Jamali alijibu, mdomo umejaa.

Bi Selia alicheka mpaka akakohoa. Kwao, alisema, sufuria ni fungu la mtoto, na mtu mzima akiigusa ni mwizi.

Jamali alishikwa na homa asubuhi moja ya mwisho wa baridi. Jioni kichwa kilikuwa hakikai shingoni, na siku iliyofuata, hospitalini, hatukuwa naye tena. Daktari alieleza, baba akaelewa nusu, na ile nusu hakuirudia kwa mtu yeyote. Mpaka leo sijui kwa hakika ulikuwa ugonjwa gani. Wanaume walikwenda kumzika kwenye makaburi ya Waislamu, wakarudi na matope kwenye viatu, wakavipanga nje ya mlango kimya kimya. Ninavikumbuka vile viatu kuliko nyuso.

Matanga yalikuwa nyumbani kwetu. Kochi lilitolewa kwenye korido, mikeka ikatandikwa, na jiko letu halikuwashwa. Chakula kililetwa na majirani: wali, uji, chai kwenye chupa, tende. Wanawake walijaa chumbani mpaka wengine wakakaa bafuni juu ya ndoo zilizopinduliwa. Ilikuwa ile miezi ya Guangzhou ambayo ukuta unatoka jasho. Maji yanachuruzika kwenye vigae, nguo hazikauki, na karatasi ukiishika inalegea. Nilikaa nimeegemea ukuta, mgongo umelowa, namtazama mama. Hakuwa analia. Alikaa mikono imelala mapajani, viganja juu, kama kuna mtu alimwambia ashike kitu kisha akasahau kumpa. Hakula siku hiyo, wala iliyofuata.

Kati ya wanawake wale nitawatajieni wawili. Mama Shufaa wa Unguja alinunua mapazia na vitambaa vya makochi. Alikuwa mrefu, na sauti yake ilikuwa ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara. Bei asiyoitaka aliijibu kwa neno la Wachina, meiyou, yaani hakuna, na alilizoea mpaka akalitumia kwa kila kitu, hata mtoto akiomba soda. Mama Neema alitoka Mwanza, Mkristo, mnunuzi wa simu, mpole, mwenye miwani aliyoisukuma puani kwa kidole cha kati kila anapofikiri.

Siku ya tatu Bi Selia aliingia amevaa gauni jeusi, amebeba sinia. Juu yake vidonge vilikuwa vimepangwa kwenye vikaratasi vya rangi, na chengachenga nyekundu, za manjano na za kijani zilikuwa zinayeyuka kwa ule unyevu na kuchuja rangi.

"Huyu vipi?" Mama Shufaa alisema kwa sauti aliyodhani ni ndogo. "Kaleta bethidei matangani."

"Hajui, jamani," Mama Neema akasema.

"Hajui, lakini si ana macho? Rukia, pokea hilo sinia, mwanangu, kaliweke jikoni ulifunike. Watu wasilione."

Nilinyanyuka. Bi Selia hakuniachia sinia. Alimtazama mama juu ya vichwa vya watu wote.

"Jamali hii anapenda," alisema. "Mimi nyingine sijui kupika."

Mama alinyoosha mkono. Watu wakasogeza magoti, Bi Selia akapita, akachuchumaa mbele yake. Mama alichukua kidonge kimoja akakitafuna muda mrefu, kama mtu anayetafuna nyama ngumu. Rangi nyekundu ikamshika midomoni. Akachukua cha pili. Mama Shufaa alikuwa amenyanyua mkono amzuie, akaurudisha mapajani taratibu, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga na kuanza kumlaumu mtu asiyekuwepo kwamba chai imepoa.

Baada ya matanga watu waliondoka, kochi likarudi ndani. Baba akarudi kwenye makontena, kwa kuwa mizigo haina msiba. Mama hakurudi sokoni. Aliamka, akakaa ukingoni mwa kitanda, na nikirudi kumwangalia baadaye nilimkuta pale pale. Aliniitikia nikimwita. Hiyo ndiyo ilikuwa inanitisha, namna alivyoitikia, kama mtu anayeitikia akiwa ameshafika mlangoni na anaondoka zake.

Siku moja baba alirudi mchana, jambo asilolifanya kamwe, akamkuta mama mahali ambapo hakutakiwa kuwa. Sitasema zaidi ya hapo. Nilichokiona mimi ni baba akimwongoza kwenye korido, amemshika kiwiko, na mama hana viatu. Jioni ile baba alifunga madirisha yote kwa waya na koleo. Nilimuuliza kwa nini.

"Njiwa wanaingia," alisema.

Hatukuwahi kuona njiwa. Akaniambia pia kwamba shuleni nitapumzika kidogo, nikae na mama.

"Usimwache peke yake," alisema. "Umenisikia? Hata akienda msalani, simama mlangoni, umwongeleshe."

Nilimsikia. Nilikuwa na miaka tisa na nilielewa kwamba nimepewa kazi, ingawa sikuielewa kazi yenyewe. Nilifikiri mama atapotea, kama vile watoto wanavyopotea sokoni, na mimi ndiye wa kumshika mkono. Nilikaa. Nilimwambia habari za katuni. Nilimsomea maandishi ya Kichina kwenye maboksi ya dawa ya meno. Niliimba zile nyimbo za Jamali za kulia chakula, nikaona uso wake, sikuziimba tena. Yeye akawa anatazama ukuta unaotoka jasho, na mimi namtazama yeye. Jioni baba akiingia aliniuliza kwa macho, nami nikaitikia kwa kichwa, bila kujua nimekubali nini.

Ndipo asubuhi moja Bi Selia akagonga, ana sufuria mkononi na kopo kwapani. Alikuwa hajavaa nguo za kazi. Hakuuliza hali. Alipita moja kwa moja mpaka chumbani, akamshika mama mkono, akamleta jikoni.

"Wewe koroga," alimwambia. "Mimi leo mkono unauma."

Akamwekea mwiko kiganjani, akafunga vidole vyake juu ya vya mama, wakaanza. Baadaye akauachia mkono, na mkono wa mama ukaendelea wenyewe. Mara mbili mama alitaka kusimama, na Bi Selia akagonga ukingo wa sufuria kwa kucha. "Hapana simama. Inaungua." Mama akaendelea. Alikoroga mpaka kitako kikaonekana, akainamisha sufuria na kuitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nione anatazama kitu kwa nia. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye nyusi, akalifuta kwa bega, kama mpishi yeyote.

Alijifunza siku hiyo hiyo. Hakuna cha kujifunza pale, nimeshawaeleza.

Ila siku iliyofuata alikuja Mama Shufaa, ana mtandio mpya na makopo kwenye mfuko.

"Shoga, nasikia umeshakuwa fundi wa vidonge," alisema toka mlangoni. "Hebu nifundishe. Mwezi ujao Shufaa ana sherehe, na mimi mtu wa keki sina."

Mama aliutazama ule mfuko. Nilidhani atakataa. Kisha akainuka polepole, akaenda jikoni.

Mama Shufaa, nawaambieni, alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote niliowahi kuwaona. Mwanamke yule alikuwa anapika halua, tena halua yenyewe ya kukoroga mpaka mabega yanalia, na watu wakawa wanaisifu jengo zima. Lakini kwenye sufuria ya kakao alikuwa kama mtu aliyezaliwa jana. Siku ya kwanza aliunguza. Siku ya pili alitia iliki bila kuuliza, mama akamwambia vidonge havitiwi iliki, akajibu, "Kitu kitamu bila iliki ni dawa ya kikohozi." Siku nyingine alimwaga kabla haijashika, vidonge vikalala kwenye sahani vikawa supu.

"Mbona umeharakisha?" mama alimuuliza.

"Nimeona kitako."

"Hukuona kitako, Mama Shufaa. Umeona povu."

"Basi mie macho sina. Kesho nitakuja na miwani ya Mama Neema."

Alikuja na Mama Neema mwenyewe. Naye akasema anataka kujifunza, kwa ajili ya watoto wa kanisani. Mama Neema hakuunguza. Yeye aliuliza maswali. Kwa nini moto mdogo? Siagi ya chumvi inafaa? Ukikorogea kushoto kuna tofauti? Mama ilibidi ajibu, na kujibu kulimlazimu kufikiri, na akifikiri mdomo wake ulirudi kidogo kwenye umbo lake. Hawakuja pamoja tena baada ya siku hiyo. Walipokezana. Leo huyu asubuhi na yule mchana, kesho Bi Selia, keshokutwa tena Mama Shufaa anayelalamika kwamba amesahau kila kitu.

Ulikuwa msimu wa maonyesho ya biashara ya Pazhou. Wale waliowahi kuishi Guangzhou wanajua maana yake. Ni siku ambazo wanunuzi wanashuka kutoka kila upande wa dunia, watu wetu wanalala kwa zamu, na mwanamke wa biashara anayekaa nyumbani mchana ni yule aliyevunjika mguu. Nami nikawaona hawa wawili wamekaa jikoni kwetu, wanapaka siagi viganjani. Simu ya Mama Shufaa ilikuwa inaita mfululizo kwenye mkoba wake.

"Si upokee?" mama alimwambia.

"Meiyou," alisema, akaendelea kufinyanga. Vidonge vyake vilikuwa vikubwa kama mayai.

Mimi nilianza kuwadharau. Niliona watu wazima wawili walioshindwa kitu ambacho mimi nilikielewa kwa kutazama tu. Tena walikuwa wananisumbua kazini. Wakiwepo, waliniambia nishuke nikacheze. Nilishuka kwa shingo upande, nikazunguka kwenye maduka ya chini, nikarudi kabla hawajaondoka, kwa hofu kwamba watafungua mlango na mama atatoka nao. Vidonge vilirundikana nyumbani. Baba alivibeba kwenye mifuko akawapa madereva wa malori Nansha. Wachina wa ghorofa yetu walivipokea kwa adabu na kusema ni vitamu mno. Vilivyobaki vililowa kwa unyevu, rangi zikachuja, vikatupwa.

Ikatokea siku ambayo hakuja mtu. Mvua ilikuwa kubwa, ya kufanya barabara ya chini igeuke mfereji, na saa aliyokuwa anafika Mama Shufaa ilipita. Mama alikuwa amesimama dirishani, anashika ule waya wa baba kwa vidole viwili, kama anayepima uzi wa gitaa. Nilimwita. Hakuitikia. Nilimwita tena, na safari hii hata lile itikio la mbali halikuja.

Nilikwenda jikoni, nikachukua kopo, nikalifungua vibaya nikajikata kidole. Nikawasha moto. Niliweka kila kitu kama nilivyoona, nikapanda kiti kidogo.

"Mama, njoo unifundishe," nilisema. "Mimi hujanifundisha."

Alikuja. Nilimpa mwiko. Alikoroga kidogo, halafu mkono ukasimama. Niliusubiri uendelee, haukuendelea. Nikashika mkono wake, kama nilivyomwona Bi Selia akifanya, lakini mkono wangu ulikuwa mdogo, haukuuzunguka wa kwake. Nilivuta mwiko na mkono wote kwa pamoja. Ile harufu niliyowaeleza ikaanza, ikawa moshi. Mama aliutazama moshi kwa utulivu. Akauachia mwiko, akatoka jikoni kuelekea mlangoni, na mimi nimesimama juu ya kiti, sufuria inaungua, sijui nimshike nani.

Mlango uligongwa kwa ngumi. Mama alikuwa ameshaweka mkono kwenye kitasa, kwa hiyo akawa yeye wa kuufungua. Mama Shufaa alikuwa amelowa toka kichwani, viatu ameshika mkononi, anahema mpaka hawezi kuongea. Alikuwa amepanda ngazi, kwa kuwa umeme wa lifti ulikatika. Alimtazama mama miguuni, akaona hana viatu. Akatupa vyake chini na kumkumbatia, akamrudisha ndani kwa kifua chake, kama mtu anayesukuma kabati.

"Unakwenda wapi?" alisema. "Unakwenda wapi na mie somo sijamaliza?"

Kisha akaona moshi. Aliingia jikoni, akazima jiko, akanishusha kwenye kiti. Alinifokea nikaogopa.

"Nani kakwambia upike? Eeh? Nani kakwambia wewe?"

Nilimwambia ninataka mama anifundishe mimi, siyo wao, wao hawajui kitu. Nililia kwa hasira. Mama Shufaa alikaa sakafuni kwenye maji yaliyokuwa yanamchuruzika, akanipakata, akakinyonya kidole changu kilichokatika damu ikome. Mama aliketi kwenye kile kiti kidogo, akatutazama sisi wawili. Baada ya muda akainuka, akaitia maji sufuria iliyoungua, akaanza kuisugua.

Sitawadanganya kwamba siku hiyo ilikuwa mwisho wa jambo. Masomo yaliendelea mpaka ukuta ukakauka na joto likaingia, na bado waliendelea. Mama Shufaa alipata kujua, akasahau, akajua tena. Polepole mama akaanza kutoka, kwanza mpaka dukani kununua makopo, Bi Selia ubavuni, baadaye mpaka soko la vitambaa. Mwaka uliofuata aliwatembeza wanunuzi tena. Kicheko chake hakikurudi chote. Mimi shuleni sikurudi, kwanza kwa ajili yake, baadaye kwa mazoea. Bi Selia alirudi kwao kampuni yake ilipofunga ofisi ya hapa, na Mama Shufaa na Mama Neema walirejea nyumbani miaka ile biashara ya hapa ilipoharibika.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kulikuwa na wanawake wazito wa kuelewa waliopenda vitu vitamu. Nilishakuwa mtu mzima siku nilipopika vidonge peke yangu, kwa mtoto wa rafiki. Viliiva kabla sijamaliza kusikiliza habari kwenye simu. Nikabaki nimeinamisha sufuria, naangalia kitako, na nikaona haya kwa ujinga wangu wote. Mama Shufaa hakuwahi kushindwa kupika vidonge. Walikuwa wanamlinda mama. Waliacha Pazhou, wakaacha wateja, wakapangiana zamu, wakaja kuunguza maziwa kwenye jiko letu ili awepo mtu mzima ndani ya nyumba ile, tena ili awepo bila kumwambia mama kwamba wanamlinda.

Sikumuuliza mama wakati huo. Nilimuuliza mwaka jana, alipokuwa amelala na ugonjwa ambao safari hii ulikuwa ugonjwa kweli. Nilikuwa nampaka mafuta miguu.

"Ulikuwa unajua?" nilisema. "Kwamba hawakuja kujifunza?"

"Nilijua siku Mama Shufaa alipounguza," alisema. "Mpika halua yule."

"Mbona hukuwaambia?"

Alifikiri sana. Sauti yake ilikuwa imeshapungua, ikabidi niiname.

"Kila siku nilikuwa nasema leo naondoka zangu. Nikishasema leo, mlango unagongwa. Nafungua, namkuta mtu ana kopo mkononi, anasema jana imemshinda. Sasa utamwambia nini? Nikawa nasema basi, huyu nimalizane naye, kesho." Akapumzika. "Huzuni hawakuiondoa, Rukia. Walinichelewesha tu, mpaka nikaizoea."

Niliendelea na miguu. Kulikuwa na swali ambalo nilikuwa nimelikalia tangu utoto, na mimi sina ufundi wa kuzunguka maneno, nikamuuliza.

"Mimi nilikuwa pale siku zote. Nilikuwa na wewe kila siku. Mimi sikutosha?"

Alifumba macho. Nilidhani amelala, au amekataa kujibu. Kisha akauvuta mguu kutoka mikononi mwangu, polepole, ili nimtazame usoni.

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema. "Ile haikuwa kazi ya mtoto. Baba yako alikosea kukupa."